Daraja Lililotanguliwa na Kibao

Jumatatu, 10 Novemba
Leo nimepata kazi ya kwanza ya mjini, na tangu asubuhi siwezi kukaa. Miaka sita nachora vibao hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka: vya saluni, vya makanisa, vya washonaji, kimoja cha mtu anayetengeneza redio. Lakini Lilongwe haijawahi kuniita. Aliyenitafutia kazi ni mama Nahayo, Mrundi aliyeolewa na Mmalawi, anayeuza mchele na dagaa katika soko la Kamtedza, nyuma ya mtaa wa Chinsapo. Mwaka jana nilimchorea kibao cha meza yake hapa hapa kambini, akaja kukichukua. Khansala wa kata, yaani diwani, alipita, akakitazama, akauliza ni mkono wa nani.

Karani wake amenitumia maneno kwa simu, kwa Kichewa: *Mlatho wa Kamtedza. Ntchito yatha.* Yaani Daraja la Kamtedza, kazi imekwisha. Nimepewa bati zima na mbao za kulipigilia. Nitaweka herufi nyekundu zenye kivuli cha manjano, na ile K yangu inayotupa mguu mbele kama mtu anayecheza. Kila mwenye macho hapa kambini anaijua K hiyo.

Alhamisi, 13 Novemba
Joto. Rangi inakauka kabla ya brashi kufika mwisho wa herufi.

Jumanne, 18 Novemba
Nimekipeleka kibao. Nilipata kibali cha kutoka kambini, nikapanda kabaza, pikipiki ya abiria, mpaka barabara kuu, bati limefungwa mgongoni mwangu, dereva akilalamika kuwa tutapaa. Kisha minibasi, kisha miguu.

Kamtedza kuna soko upande huu na shule upande ule, na kati yao mto. Kwa sasa ni mchanga mtupu na matope kidogo katikati. Watoto wanateremka upande mmoja na kupanda mwingine, viatu mkononi. Nikatafuta daraja. Nikatazama juu, nikatazama chini. Nikamuuliza karani liko wapi. Akasema linakuja, na kibao kinalitangulia kama kadi inavyotangulia arusi.

Vijana wawili wakachimba mashimo, kibao kikasimama. Kilipendeza, siwezi kusema uongo. Mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya akasimama mbele yake akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akanigeukia akaniuliza kama daraja lenyewe nimelibeba kwenye mfuko wangu wa brashi. Wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini njia nzima ya kurudi uso uliniwaka. Niliandika kwamba kazi imekwisha, tena kwa rangi ya dukani, bila kuuliza.

Ijumaa, 21 Novemba
Mvua ya kwanza. Kambi yote inanuka udongo.

Jumapili, 23 Novemba
Papa amehubiri leo na sikusikia hata neno. Papa, yaani baba yangu, Wilondja, ni mhubiri wa kanisa letu dogo. Kule kwetu Fizi alikuwa sekretere wa groupement, ofisi ya eneo la machifu, mtu wa karatasi na mihuri. Wakati anasoma Zaburi, mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya mwimbaji mnene, nachora mgongoni mwa karatasi ya nyimbo. Ilinijia yote kwa mara moja: mwanamke ana beseni kichwani na mtoto mgongoni, anavuka mto kwa kukanyaga kibao changu kilicholazwa juu ya maji. Ng'ambo, khansala amevaa suti, anakata utepe. Tumbo limetangulia mkasi. Chini yake: *Ntchito yatha.*

Nilipomaliza nilicheka peke yangu, mwimbaji akageuka.

Nyumbani nikampa papa karatasi. Aliitazama muda mrefu mno kwa mtu anayetazama kichekesho. Akaikunja mara nne.

"Aline, sisi njo bageni hapa," akasema. "Mugeni hafunuake chungu ya mwenye nyumba."

Nikamwambia chungu chenyewe hakina kitu. Alinirudishia karatasi, akaenda kutazama mfereji wa mvua.

Jumatano, 26 Novemba
Sikuweza kuvumilia. Nimepiga picha ya katuni, nimemtumia mama Nahayo, yeye peke yake. Amejibu kwa sauti ya dakika mbili, yote kicheko.

Alhamisi, 27 Novemba
Mama Nahayo amemtumia jirani yake. Jirani ametumia kikundi cha wauza samaki. Leo mchana dada wa saluni hapa Dzaleka amenionyesha katuni yangu mwenyewe kwenye simu yake, akaniuliza kama nimeiona. Nikasema hapana, nikaomba anionyeshe tena.

Jumatatu, 1 Desemba
Amenipigia mwanamke anayeitwa Amanda. Ana gazeti dogo, *Kalilole*, linalotoka kila Ijumaa kutoka chumba kimoja juu ya duka la misumari, mtaa wa Kawale mjini. Amemzungukia kila mtu wa soko mpaka akapata namba yangu. Anasema gazeti lake limeandika habari za daraja lile mara tatu na hakuna aliyeshtuka, lakini picha moja imefanya karani wa kata azime simu. Anaitaka. Anataka na nyingine.

Nikamwambia mimi ni mkimbizi, natoka kwa kibali, na jina langu lisionekane. Akasema basi nijichagulie jina. Nje mvua ilikuwa imetoka kuacha na vyura walikuwa wamejaa kwenye dimbwi la nyuma ya choo, wanapiga kelele bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nikasema: Chura.

Ijumaa, 5 Desemba
Imetoka! Ukurasa wa tatu, nusu ukurasa mzima. Amanda amenitumia picha, na mama Nahayo amenitumia picha ya kinyozi wa Kamtedza aliyeibandika juu ya kioo chake. Wateja wanakaa kunyolewa huku wanamtazama khansala. Nimeruka mpaka nikamwaga maji ya kupikia nsima, ugali wa hapa.

Papa ameniuliza nafurahia nini. Nikasema mvua.

Ijumaa, 12 Desemba
Katuni ya pili: sanduku la maoni la ofisi ya kata. Mkazi anasukuma barua kwenye tundu la juu. Nyuma, kifuniko kimevunjika, na kuku amelalia barua zote, anaatamia.

Ijumaa, 19 Desemba
Ya tatu: lundo la takataka la sokoni limekuwa mlima, khansala amefika kileleni, anasimika bendera. Amanda anasema Ijumaa hii gazeti limeisha kabla ya saa nne. Mvua kila siku. Mama Nahayo anasema mto umejaa mpaka magotini, na shule ikifunguliwa hajui itakuwaje.

Jumamosi, 27 Desemba
Wauzaji wa Kamtedza wameng'oa kibao! Wamekilaza juu ya mto, mahali pembamba, mawe huku na huku, sawasawa kama nilivyochora. Mama Nahayo alinipigia simu akiwa mstarini. Watu wamepanga mstari kuvuka juu ya herufi zangu, wakifika katikati wanajifanya wanakata utepe. Mwenye nyanya amepita, mwenye baiskeli amepita na baiskeli yake begani. Nilisikia kelele zao, na maji chini yao.

Mimi niliyewaza jambo kanisani, nyuma ya mgongo wa mtu, nimesikia watu halisi wanalikanyaga. Nimezunguka kambi nzima kwa miguu, tangu kuta za gereza la zamani mpaka kwenye mashamba, sikujua nimpe nani furaha hii.

Alhamisi, 8 Januari
Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Nilikuwa Lilongwe tangu asubuhi kumpelekea Amanda katuni. Nikapita Kamtedza nione daraja langu kwa macho. Shule zilikuwa zimefunguliwa Jumatatu. Mto ulikuwa mweusi na una haraka, umepanda mpaka karibu na bati. Mama Nahayo aliniona kutoka ng'ambo, alikotoka kuwafikisha watoto wake shuleni. Akainua mkono, akaanza kuvuka kunijia, mkoba begani, akinichekea.

Alipofika katikati ukasikika mlio kama kuni inayopasuliwa. Mbao zile zilikuwa za kubeba rangi, si za kubeba watu, na zilikuwa zimeloa siku kumi na mbili. Bati lilijikunja likamwangusha. Aliingia majini mpaka shingoni, akajigonga kwenye jiwe, maji yakamvuta. Wanaume wawili wauza mbao walijirusha, mmoja akamshika kitambaa, mwingine mkono. Walipomtoa, mguu wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Nilimshika kichwa mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana. Hakulia. Aliniambia, "Dada Aline, usiwaambie watoto mpaka watoke darasani." Ni hilo tu alilosema.

Khansala alifika baada ya gari kuondoka, na karani wake nyuma. Vipande viwili vya kibao vilikuwa vimevutwa ukingoni. Akasema kwa sauti ya mkutano kwamba haya ndiyo matunda ya kuharibu mali ya umma, na kwamba wa kulaumiwa ni yule anayejificha nyuma ya jina la mnyama na kuwafundisha watu ujinga. Alikuwa na *Kalilole* mfukoni. Akaifungua, akainama kuonyesha. Kisha akainama zaidi. Akaweka gazeti kando ya bati. K ya Kamtedza kwenye katuni ya gazeti ilikuwa imetupa mguu mbele. K kwenye bati ilikuwa imetupa mguu mbele.

"Aliyeandika kibao hiki ndiye Chura," akasema taratibu.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, matope mpaka kifuani. Karani aliniona. Tulitazamana. Aliinamisha macho, hakunitaja, na mpaka sasa sijui kwa nini. Khansala akatangaza mkutano wa kata, Jumamosi ya wiki ijayo, uwanja wa shule. Chura aje, akasema, au atatafutwa huko aliko.

Nimewahi kudhani mchoro haumdhuru mtu. Leo nimebeba kichwa cha mama Nahayo magotini.

Ijumaa, 9 Januari
Nimemweleza papa yote, tangu karatasi ya nyimbo. Nilingoja aniambie kwamba alinionya. Hakusema hivyo. Alikaa kwenye kiti chake, akavua miwani.

Alinisimulia jambo ambalo hata mama marehemu hakuwahi kulijua. Mwaka nilipozaliwa, pale groupement, waliletewa karatasi kwamba zahanati ya kijiji fulani imejengwa na imekamilika. Papa alijua hakuna hata tofali. Mkubwa wake akamwambia atie sahihi, wenzake wote wametia.

"Nilisinye," akasema. "Hakuna mutu alinipiga. Hakuna mutu alinitishia. Nilisinye juu niliona haya kubakia peke yangu."

Nilikuwa nimemchukulia miaka yote kama mtu mwoga. Kumbe aliponipa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, alikuwa ameona humo sahihi yake mwenyewe.

Nikamuuliza nifanye nini. Alifikiri mpaka maji ya chai yakachemka yakapungua.

"Ile kibao uliandika mbele ya kuona. Ile, iombee bantu musamaha. Zile michoro zingine, zitie jina. Jina yako, hapana ya chura."

Jumatatu, 12 Januari
Nimeomba kibali, na papa ameomba chake. Mama wa ofisini ameuliza tunakwenda kufanya nini. Papa amesema: mkutano. Yule mama amegonga muhuri.

Jumanne, 13 Januari
Mama Nahayo yuko nyumbani kwake, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Nilimpigia kuomba radhi. Akasema angekuwa na haja ya radhi yangu kama ningekuwa mto. Kisha akanikemea kwa kutomtumia katuni ya wiki hii.

Jumamosi, 17 Januari
Nimerudi. Sina sauti. Nitaandika yote kabla ya kulala, na jua bado lipo.

Uwanja ulijaa. Wauzaji walikuwa wamefunga meza zao. Amanda alikuwa mbele na daftari. Mama Nahayo aliletwa kwenye mkokoteni wa magunia, mguu umenyooshwa mbele kama mzinga, akawekwa mstari wa kwanza. Khansala alizungumza kwanza, kwa muda mrefu, juu ya amani na mali ya umma. Kisha akauliza kama Chura ana ujasiri wa kutoka dimbwini.

Papa alinigusa kiwiko. Nikasimama. Niliongea Kichewa changu cha sokoni, hapa nakiandika kwa lugha yetu.

"Mimi naitwa Aline Wilondja, natoka Dzaleka. Kibao ni kazi yangu. Niliandika kwamba kazi imekwisha kabla ya kuliona daraja, na mama huyu amevunjika mguu juu ya uongo niliouandika mimi. Naomba radhi kwake na kwenu nyote. Katuni pia ni zangu. Hizo siombi radhi."

Khansala alisema kwamba mgeni aliyepewa hifadhi hana haki ya kuwafundisha wenyeji namna ya kuongoza kata yao. Nilifikiria kibali, kambi, papa pale pembeni. Na ndipo yule mwenye nyanya, aliyeniuliza siku ile kama daraja liko kwenye mfuko wangu, akasimama. Hakupaza sauti. Alisema yeye ni mwenyeji, amezaliwa Kamtedza, na hajui kuchora. Kwa hiyo anaomba tu bwana khansala amwonyeshe daraja kwa kidole.

Akakaa. Watu wote wakamtazama khansala, wakingoja kidole.

Jasho lilimshuka. Akamtazama karani, na karani, mtu ambaye sikumsikia akisema sentensi mbili tangu nimjue, akasimama akasema kwamba makalavati ya zege yapo, yamekaa kwenye ua wa mkandarasi tangu Agosti, na kinachokosekana ni barua moja ya khansala kuruhusu kazi ianze. Barua hiyo, akasema, ameshaiandaa mara nne.

Kelele iliyopigwa hapo siwezi kuiandika. Iliponyamaza, khansala alisema daraja litakamilika tarehe ishirini Februari. Amanda akainuka, akamwomba airudie tarehe polepole. Akairudia. Watu mia tatu wakaitamka pamoja naye.

Njiani papa alinunua mahindi mawili ya kuchoma, tukala tukitembea. Hakunipongeza. Alisema tu kwamba Kichewa changu kina makosa mengi.

Ijumaa, 23 Januari
Ukurasa wa kwanza! Khansala ameketi ukingoni, miguu majini, chura kando yake ameshika kalenda: *Zimebaki siku 28.* Chini, kwa herufi ndogo: A. Wilondja. Nimelisoma jina langu kama la mtu ninayetamani kumfahamu.

Ijumaa, 30 Januari
Siku 21. Katika katuni maji yamemfika khansala magotini. Makalavati yamefika! Mama Nahayo anayahesabu kutoka dirishani kama kuku wake.

Ijumaa, 6 Februari
Siku 14. Kiunoni. Mvua imesimamisha kazi siku tatu. Hapa Dzaleka dada wa saluni anauliza wateja wake "siku ngapi?" na wanajua anauliza nini. Watu ambao hawajawahi kufika Kamtedza wanalingoja daraja la Kamtedza.

Jumatatu, 9 Februari
Ofisini wamepata barua kutoka kata, ikilalamika juu yangu. Mama wa vibali aliniita, akanisomea, akaniuliza kama michoro ni yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimewahi kurudi kambini nikiwa nimepitisha muda wa kibali. Nikasema hapana. Akaifungia kwenye faili. Nilipofika mlangoni akaniuliza: siku ngapi?

Ijumaa, 13 Februari
Siku 7. Kifuani. Zege limemwagwa upande wa soko.

Ijumaa, 20 Februari
Limekamilika jana jioni, siku moja kabla. Amanda anasema khansala alisimama pale siku tano mfululizo akiwafokea mafundi. Leo sikuchora maji. Nimechora mto mzima, daraja, na watu wanapita bila kutazama chini. Nilidhani katuni isiyochekesha haitanunuliwa. Imeisha saa tatu.

Ijumaa, 6 Machi
Tangu juzi mvua haijakata. Leo nilikuwa Kawale, ofisini kwa Amanda, iliponyesha ile kubwa, ile inayofanya mchana uwe kama jioni. Tulitazamana tukawaza kitu kimoja. Tukashuka ngazi tukikimbia.

Tulipofika Kamtedza nusu ya soko ilikuwa tayari ukingoni. Mto ulikuja na matawi, magunia, na mlango mzima wa banda la kuku. Ulipanda. Mama Nahayo, kwa magongo yake, alikuwa wa kwanza kukanyaga daraja. Alikwenda mpaka katikati, mahali alipoangukia, akasimama hapo. Nikamfuata, nikamshika mkono. Mwenye nyanya akaja. Wakaja wote. Tulisimama arobaini, hamsini, tukiyatazama maji yanavyoingia chini yetu kwa hasira na kutokea upande wa pili yakiwa yamekubali.

Halafu watoto wa shule wakaanza kuruka papo hapo, wakilijaribu, na zege halikusema kitu. Hapo tukapiga kelele.

Nilipogeuka, khansala alikuwa kando yangu. Sikumwona akija. Hakuwa na mwavuli, hakuwa na karani, suti imemganda mwilini. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia njia yote. Nikaelewa kwamba naye hakuwa na hakika lingesimama, na bado alipanda juu yake pamoja nasi.

Aliona ninavyomtazama.

"Leo usinichore," akasema.

Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cheusi cha ngozi, wa kushoto ndala ya bluu. Nikamwonyesha. Alijitazama miguu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka, kicheko chembamba ambacho hakilingani na tumbo lile.

Nimefika Dzaleka nimeloa mpaka mifupa. Papa anasema nibadilishe nguo kwanza, chai inapoa. Lakini nimeshamchora: kiatu kimoja, ndala moja, na miguu yote miwili juu ya daraja.